Hamali wa Mauti

Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe. Jumamosi ile tulipokutana kusomeana kazi zetu, mwenzetu mmoja alisimama akatusomea shairi refu la kulisifu kombora. Ndiyo, kombora. Beti kumi na mbili, vina vya kati na vya mwisho vimefungana kama mlango na komeo lake. Kombora lenyewe ni la Pakistan, linaitwa Ababeel, na mshairi wetu akalipa mabawa, akalipa vijiwe mdomoni, akalirusha juu ya tembo wa Abraha kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa watoto wa kukaa mkekani. Alipomaliza, watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga kwa nguvu, maana ubeti wa mwisho ulikuwa mtamu, na utamu ndio ugonjwa wetu sisi watunzi.

Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Usiku wa manane nikaamka na swali moja tu: hivi leo nimeshangilia nini?

Makala hii ni jibu langu, na ndugu yangu yule anajua ninamwandikia yeye. Sina ugomvi na vina vyake. Ugomvi wangu ni na jina alilolikuta limeshabandikwa juu ya chuma, akaliamini.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana wengi wetu tunalisema neno nyuklia kama tunavyolisema neno jini, bila kuliona umbo lake. Bomu la nyuklia peke yake ni mzigo. India ililipua la kwanza mwaka 1974, chini ya ardhi, huko Pokhran katika jangwa la Rajasthan. Mwaka 1998, tarehe 11 na 13 Mei, ikalipua tena palepale, na kabla mwezi haujaisha, tarehe 28 na 30, Pakistan ikajibu kutoka Baluchistan. Dunia nzima ikashika kichwa. Lakini mzigo uliolala ghalani haumfikii mtu. Sisi wa Mombasa nani atatufundisha hilo? Meli inaweza kutia nanga Kilindini imejaa dhahabu mpaka juu. Kama hakuna hamali wa kuishusha, mjini mtasikia harufu tu. Bomu nalo linataka hamali. Linaweza kubebwa na ndege za kivita, na nchi zote mbili zinazo ndege za kazi hiyo. Ila ndege ina rubani, na rubani anaweza kuambiwa rudi. Hamali anayependwa zaidi ni kombora, kwa sababu likishaondoka haliitwi likaitika.

Basi tangu miaka ya 1980 nchi hizi mbili zimekuwa zikiajiri mahamali. India ilianzisha mpango wake mkubwa wa makombora mwaka 1983. Februari 1988 ikarusha Prithvi, la masafa ya kilomita 150 likiwa na mzigo wa tani moja. Mei 1989 ikarusha Agni la kwanza kutoka Chandipur, pwani ya Orissa, jimbo ambalo leo huandikwa Odisha. Agni likazaa Agni: la pili linakwenda kilomita 2,000 na ushei, la tatu 3,000 na ushei, na la tano, lililojaribiwa kwa mara ya kwanza Aprili 2012, zaidi ya 5,000. Chukua ramani, yakhe, na uzi. Kutoka Mumbai mpaka Mombasa ni kama kilomita 4,450. Dar es Salaam nayo imo ndani ya uzi huohuo. Sisemi kwamba tumelengwa, nani ana haja nasi? Agni la tano lilitengenezwa watu wakiifikiria China. Nasema tu kwamba ule usemi wetu wa "hayo ni mambo ya huko" umeshapitwa na kilomita.

Pakistan nayo haikulala. Aprili 1998 ilirusha Ghauri. Aprili 1999 ikarusha Shaheen la kwanza, na Machi 2015 la tatu, lenye masafa ya kilomita 2,750. Mtu akauliza, kilomita zote hizo za nini, na India ipo hapo ng'ambo ya ua? Jenerali Khalid Kidwai, aliyekuwa ameisimamia idara ya silaha hizo kwa miaka mingi, akajibu waziwazi mwaka huohuo: ni ili India isipate hata kisiwa cha kujificha, mpaka Andaman na Nicobar. Na lipo hamali mfupi pia, Nasr, lililojaribiwa 2011, ambalo masafa yake yalitangazwa kuwa kilomita 60. Kilomita 60! Kutoka Mombasa hata Malindi hufiki. Hilo ni la kuwapigia wanajeshi wa India watakapokuwa wameshavuka mpaka, maana yake ni la kulipuka ndani ya mashamba ya Pakistan yenyewe.

Namba zinatosha. Tuje kwenye majina, maana huko ndiko mwenzangu alikopotelea, na ndiko tulikotekwa wote tuliopiga makofi.

Prithvi ni neno la Kisanskriti. Maana yake ardhi, dunia, mama anayetubeba. Agni ni moto, na ni mungu wa moto katika dini ya Wahindi, yule anayepokea sadaka. Kombora la kurushwa kutoka nyambizi wameliita Sagarika, la bahari. Nyambizi yenyewe, iliyoanza kazi mwaka 2016, inaitwa Arihant. Neno hilo linafahamika kama mwenye kuwaua maadui. Lakini kwa Wajaini, watu wa dini ambayo watawa wake hufagia njia wasije wakakanyaga mdudu, arihant ni mtu aliyewashinda maadui wa ndani ya nafsi yake: hasira, choyo, kiburi. Fikiria mwenyewe. Jina la mtu aliyeishinda hasira limebandikwa kwenye tumbo la chuma linalozunguka chini ya maji likiwa na makombora. Na lile bomu la 1974? Waliliita kwa siri Buddha Anayetabasamu. Sijui Buddha alionyeshwa nini hata akatabasamu.

Tuvuke mpaka. Pakistan waliposikia Prithvi, wengi hawakusikia ardhi. Walisikia Prithviraj, mfalme wa Kirajput aliyepigana na Sultani Muhammad wa Ghor pale Tarain, akashinda mwaka 1191, akashindwa mwaka 1192. Ehe! Basi wao wakaliita la kwao Ghauri. Yaani mtu anasema "ardhi", jirani anasikia "Prithviraj", anajibu "Ghauri", na mazungumzo yote hayo yanafanywa kwa makombora. Katika ukumbi wetu wa mashairi kosa kama hilo lingeleta kicheko. Huko limeleta kiwanda.

Na kichekesho hakijaisha. Wataalamu wa silaha karibu wote wanakubaliana kwamba Ghauri ni kombora la Korea Kaskazini lililobadilishwa rangi na jina. Sultani mwenyewe kwao ni Ghor, ambayo leo imo Afghanistan. Wakafuatia Ghaznavi, kwa jina la Mahmud wa Ghazni. Ghazni imo Afghanistan. Wakafuatia Abdali, kwa jina la Ahmad Shah Abdali, mwasisi wa dola ya Afghanistan yenyewe! Mwaka 2006 serikali ya Kabul ikalalamika, ikaomba majina ya mashujaa wake yasibandikwe kwenye silaha. Hawakusikilizwa. Nawaona wale maofisa wa Kabul kama mtu aliyekwenda polisi kushitaki kwamba babu yake ameibwa kaburini.

Lakini linaloniuma mimi zaidi ni Babur. Babur ni jina la kombora la Pakistan linaloruka chini chini, lililojaribiwa kwanza Agosti 2005. Babur mwenyewe alikuwa mtekaji, sikatai, alimwaga damu, akaanzisha ufalme wa Wamogoli huko India mwaka 1526. Ila sisi waandishi tunamjua kwa jingine: aliandika habari za maisha yake kwa mkono wake, kwa lugha ya mama yake, na aliandika vizuri. Aliandika juu ya bustani alizozipanda. Aliandika jinsi alivyoletewa tikiti kutoka kwao, na alipolikata akalia kwa upweke wa ugeni. Mtu aliyelizwa na tikiti, miaka karibu mia tano baadaye, wamemgeuza hamali wa mauti! Kwa nini hawakuchagua jina la tikiti?

Kuna Ra'ad, kombora la kurushwa kutoka kwenye ndege. Hilo halihitaji mkalimani; ni radi, neno letu, limetoka chemchemi moja. Na kuna hilo Ababeel, lililojaribiwa Januari 2017. Ni la hatua tatu, la fueli yabisi, masafa yake kilomita 2,200, na limetengenezwa ili libebe vichwa kadhaa, kila kimoja na shabaha yake. Ndipo likaitwa Ababeel: kundi la ndege, kila ndege na kijiwe chake. India nayo Machi 2024 ikafanya hayohayo kwa Agni la tano, vichwa vingi juu ya shingo moja, ikaliita jaribio hilo Divyastra, silaha ya kimungu. Umeona? Kila mmoja anamvuta Mungu wake kwa kanzu, amsimamishe nyuma ya mtambo.

Sasa nikuulize wewe mshairi. Ile hadithi ya Mwaka wa Tembo tumeisikia wote. Abraha alipofika na jeshi lake, watu wa Makka walikuwa na silaha gani ya kumkabili? Hawakuwa nayo. Walipanda milimani. Abdul Muttalib alikwenda kwa Abraha kudai ngamia wake tu, na kuhusu Nyumba akasema inaye Mwenyewe wa kuilinda. Ndege wale hawakufugwa na mfalme. Hawakupimwa masafa. Vijiwe vyao vilimwendea askari aliyekuja kubomoa, havikumwendea mtoto wa askari aliyebaki kwao. Wewe umechukua hadithi ya watu wasio na jeshi ukaifunga juu ya jeshi lenye vichwa vya nyuklia vinavyokadiriwa kuwa 170. Hizo ni hesabu za SIPRI, taasisi ya Sweden, za mwanzo wa mwaka 2025. India wamekadiriwa 180. Katika hadithi yako mpya, ndugu yangu, tembo ni nani?

Najua nitajibiwa. Nimeshajibiwa tayari, nje ya ukumbi, huku tunakunywa kahawa chungu. "Mbona huwasemi mabeberu? Mmarekani alirusha mabomu mawili juu ya watu, Hiroshima na Nagasaki, mwaka 1945. Leo mtu mweusi na Mhindi na Mpakistani wakitaka kujilinda, ndipo wewe kalamu yako inapata wino?"

Haya, nawasema. Marekani ilikuwa na kombora la kubeba vichwa kumi, kila kimoja kikiwa na nguvu mara nyingi kuliko bomu la Hiroshima, na Rais Reagan akaliita Mlinzi wa Amani. Lilistaafishwa mwaka 2005, bila hata kuulizwa amani iko wapi. Wana Trident, ule mkuki wa mungu wa bahari wa Wagiriki, na Waingereza wamekodishiwa huohuo. Mchezo wa majina waliuanza wao, na silaha zao na za Warusi ni maelfu, si mia na kitu. Bila shaka hata chembe. Ila mimi sikuona mtu akisimama kwenye mkutano wetu kuisifu Trident kwa vina. Ubeberu wa Trident tunaujua, tumeshachanjwa. Huyu Ababili anaingia kwa mlango wa chuoni, kwa sauti ya maalimu na bibi, na hapo hatuna chanjo. Ndiyo maana namsema yeye kwanza.

Na hilo neno kujilinda nalo tulitazame. Bandung mwaka 1955 India ilisimama na nchi zetu ikahubiri kwamba wanyonge hawatakwenda kwa njia ya bomu. Mwezi Juni 1988 Rajiv Gandhi alikwenda Umoja wa Mataifa akaweka mezani mpango wa kuondoa silaha zote za nyuklia duniani kwa hatua. Mpango mzuri, nakiri. Lakini Prithvi lilikuwa limesharushwa Februari ya mwaka huohuo, na Agni likarushwa Mei iliyofuata. Mkono mmoja unatoa hati, mwingine unawasha utambi. Na Zulfikar Ali Bhutto, tangu miaka ya 1960, aliwaambia Wapakistani kwamba India ikitengeneza bomu nao watatengeneza, hata ikibidi wale majani. Nani ale majani? Mimi sijapata kusikia waziri aliyekula majani.

Kuna watu wawili siwezi kuwapita, kwa sababu wanatuhusu sisi wa kalamu. Wa India ni A.P.J. Abdul Kalam, aliyeuongoza mpango ule wa 1983. Mtoto wa Kiislamu kutoka Rameswaram, baba yake akiwa na mashua ya kuvusha mahujaji wa Kihindu. Akauza magazeti utotoni, akasoma kwa taabu, akafika kuwa Rais wa nchi kuanzia 2002 hadi 2007. Kwa Kiarabu, kalam ni usemi, maneno. Na maneno aliyapenda kweli: alitunga mashairi, na kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1999, alikiita Mabawa ya Moto. Alipokufa mwaka 2015 walilia watoto wa shule nchi nzima, na kisiwa cha kurushia makombora kikapewa jina lake. Wa Pakistan ni Abdul Qadeer Khan, ambaye maabara yake ndiyo iliyotoa Ghauri. Yeye alizaliwa Bhopal, ndani ya India, akahamia Pakistan kijana mwaka 1952. Basi Mwislamu wa India ametengeneza moto wa Kihindu, na mzaliwa wa India ametengeneza sultani wa Kiafghani wa kuipiga India. Siwachukii. Kalam hasa siwezi kumchukia. Mtu wa pwani, mtoto wa mwenye mashua, angekuwa jirani yetu hapa Kibokoni. Lakini huyo ndiye anayenitisha kuliko majenerali. Jenerali hajui kuipamba mauti. Mshairi anajua.

Sasa nikupeleke mahali ambapo neno ardhi halikuibwa. Katikati ya miaka ya 1980, serikali ya India ilitaka uwanja mkubwa wa kujaribia makombora. Ikachagua Baliapal, pwani ya Orissa. Nchi ya rutuba ile: mpunga, minazi, mikorosho, samaki, na zaidi ya yote mitambuu. Ndiyo, tambuu hii tunayotafuna kwenye harusi na chokaa na popoo. Mkulima wa Baliapal alikuwa akiishi kwa jani hilo. Makumi ya maelfu ya watu wakaambiwa wahame, watalipwa fidia, watapewa nyumba, taifa linawahitaji.

Wakakataa. Waliweka vizuizi kwenye njia zote za kuingilia, wakaweka zamu usiku na mchana. Gari la serikali likionekana, anayeliona anapuliza kombe la baharini kama tunavyopuliza siwa, wanawake wanapiga sahani za chuma, kijiji kinaitikia kijiji, na dakika chache barabara imejaa watu waliolala chini: wazee, kina mama na watoto wao. Wakasema gari lipite juu yetu. Hawakutumia bunduki. Walikataa hata kulipa kodi. Walikuwa na wimbo wao na neno lao, bhita mati, yaani udongo wa pale ulipojengwa nyumba yako, pale ulipozaliwa. Miaka ikapita, serikali ikachoka. Uwanja ule haukujengwa Baliapal mpaka leo.

Nisiseme uongo kwamba waliyashinda makombora. Makombora yalirushwa Chandipur, baadaye na kutoka kile kisiwa. Na Chandipur mpaka miaka hii, siku ya jaribio, watu wa vijiji vya jirani wanaamshwa alfajiri, wanahamishwa maelfu kwa maelfu mpaka kwenye kambi za siku moja, wanalipwa fedha kidogo ya usumbufu, jioni wanarudi kwa kuku wao. Lakini katika kisa chote cha Prithvi, nionyeshe mtu mwingine aliyelitumia neno ardhi kwa maana yake. Serikali ilirusha chuma ikakiita Ardhi. Watu wa mitambuu walilala juu ya ardhi. Kama unatafuta beti kumi na mbili, yakhe, ziko hapo, bado hazijatungwa kwa Kiswahili.

Utaniambia tena: silaha hizi ni za kutishana tu, hakuna atakayezitumia, wakubwa wana akili. Nakupa tarehe 9 Machi 2022. Siku hiyo kombora la India liitwalo BrahMos, jina lililounganishwa kutoka mito miwili, Brahmaputra wa India na Moskva wa Urusi, lilitoka lenyewe. Hakuna aliyetangaza vita. Likavuka mpaka, likaingia Pakistan zaidi ya kilomita mia, likaanguka karibu na mji mdogo wa Mian Channu, likabomoa ukuta. Halikuwa na kichwa cha mlipuko, Alhamdulillahi. India ilikaa siku mbili ndipo ikasema ni hitilafu wakati wa matengenezo ya kawaida. Mwezi Agosti maofisa watatu wa jeshi la anga wakafukuzwa kazi. Basi! Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Lakini upande wa pili, mtu aliyekaa mbele ya kioo cha rada alijuaje kwamba hamali huyu amekuja mikono mitupu? Kombora la kati ya nchi hizi ni safari ya dakika chache, muda wa kuchemsha birika la chai. Katika chai hiyo moja mtu aamue kama ni kosa au ni Kiyama.

Na Mei 2025 tukaona mengine. Baada ya watu 26 kuuawa Pahalgam huko Kashmir mwezi Aprili, India ikashambulia ndani ya Pakistan usiku wa tarehe 7, Pakistan ikajibu, makombora na droni zikavuka mpaka siku nne mpaka waliponyamaza tarehe 10. Na majina? India waliiita operesheni yao Sindoor, ile poda nyekundu ambayo mwanamke aliyeolewa hujipaka kwenye mstari wa nywele, kwa sababu ya wajane wa Pahalgam. Pakistan wakachukua la kwao kutoka ndani ya Kurani. Wajane wakapata majirani wajane. Kisha kila upande ukasherehekea ushindi, na kabla mwaka haujafika mwisho India ikarusha Agni jipya kutoka juu ya behewa la treni. Reli ya abiria na makombora sasa ni moja.

Sasa wali. Samahani, lazima nishuke mpaka jikoni. Sehemu kubwa ya mchele unaoingia Kenya unatoka Pakistan. Julai 2023 India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, kwa kalamu tu, bila risasi, bei ilipanda kwenye masoko ya dunia, na akina mama wakaanza kupima vikombe. Mwaka 2022 wanasayansi walichapisha hesabu zao: vita vya nyuklia kati ya nchi hizi mbili peke yake vingepandisha moshi na masizi juu ya mawingu, jua lingefifia miaka, mavuno yangeanguka dunia nzima, na zaidi ya watu bilioni mbili wangeweza kufa, wengi wao kwa njaa, mbali kabisa na mabomu yenyewe. Kwa hiyo lile jiwe la ndege wako, ndugu mshairi, lina njia ya kushukia kwetu. Litashukia kwenye sufuria.

Mhariri ameniambia kwamba shairi lile limekubaliwa, litatoka katika toleo hilihili, kurasa chache baada ya makala yangu. Nimesema sawa. Sitaki lizuiwe, nimelipigia makofi, na makofi hayarudi mkononi. Nilimwendea mwenyewe mtunzi nikamwomba jambo moja: pale ubeti wa tatu alipoandika "ndege", aandike "mtambo wa hatua tatu wa fueli yabisi", halafu atusomee tena. Akacheka, akasema mizani itavunjika. Nikamwambia na ivunjike.

Ameomba siku mbili afikirie.